Mjoli aliyeachwa gerezani

Jumapili moja miezi michache iliyopita nilikuwa kanisani Mombasa, upande wa kisiwani, nimekaa bega kwa bega na mpwa wangu aliye gredi ya nane. Somo la siku lilitoka sura ya 18 ya Injili ya Mathayo: ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa na mfalme, kisha akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Msomaji alishika ile Biblia ya mwaka 1952, ya Union Version, ambayo wengi wa rika langu tulilelewa nayo. Alipofika pale mtumwa anapokutana na mmoja wa wajoli wake, kijana akanigusa kwa kiwiko.

"Mjomba, mjoli ndiyo nini?"

Nikamwekea kidole mdomoni, anyamaze. Nikiri hapa, msomaji wangu, kwamba sikumnyamazisha kwa ajili ya adabu ya ibada peke yake. Neno hilo nimelipita mara nyingi tangu utotoni bila kulisimamia, na nilihitaji muda.

Mahubiri yalifuata njia tunayoijua sote. Mfalme ni Mungu, deni ni dhambi, watumwa ndio sisi. Basi tusiwekeane vinyongo. Mume amsamehe mkewe, jirani amsamehe jirani, na aliyekukopa akakuzungusha mwaka mzima mwachie Maulana. Sina ugomvi na mahubiri hayo, na waliokuwa na vinyongo vyao pale kanisani walisaidika, nadhani. Lakini njia tuliyoizoea mno hatuitazami tena chini, tunapita tu.

Tulipotoka tukapanda matatu ya kuvuka daraja la Nyali. Hatukwenda mbali makanga akaanza kuita, "Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?" Hapo jibu likanijia. Nikamwambia kijana tushuke.

Wanaopita Kengeleni kila siku wanaijua kama stesheni tu ya matatu. Wachache huinua macho kuitazama ile kengele iliyopatia mahali hapo jina. Iliwekwa na watu wa Frere Town, mji mdogo ulioanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Miaka miwili kabla yake, Juni 1873, Sultan Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, baada ya kubanwa na Waingereza na mjumbe wao Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zilipoyakamata majahazi yenye watumwa, mamia ya waliookolewa walishushwa hapa Kisauni. Na kengele? Ilipigwa kuwatahadharisha watu kwamba wenye kuwinda watumwa wanakuja.

"Sasa," nikamwambia kijana, "mjoli ni mtumwa mwenzako. Wewe na yeye mnamilikiwa na bwana mmoja."

Neno hili si sawa na rafiki, wala si mfanyakazi mwenza. Lugha haiundi neno mahususi kwa uhusiano usiokutana nao. Tuna wifi na tuna mwanyumba kwa sababu watu huoana, na ndugu za waliooana wanahitaji kuitana. Kiswahili kilikuwa na mjoli kwa sababu palikuwa na nyumba, mashamba na majahazi ambamo watu wawili wasio na undugu wowote walifungamanishwa na jambo moja tu: bwana wao ni yuleyule. Neno limetutoka midomoni kwa vile hali hiyo imetoweka, au tunajiambia imetoweka, likabaki limehifadhiwa ndani ya Biblia kama mdudu ndani ya utomvu ulioganda.

Tafsiri mpya zimeliacha. Biblia Habari Njema inatumia mtumishi, na mjoli akawa mtumishi mwenzake. Naielewa nia ya watafsiri, kwani walitaka kijana kama mpwa wangu asikwame. Lakini mtumishi wa leo, hasa wa umma, ana mshahara, ana likizo, ana chama cha kumtetea na akichoka anaandika barua ya kuacha kazi. Katika mfano huu mfalme anaamuru mdeni auzwe, yeye, mke wake na watoto wake, ili deni lilipwe. Mtumishi hauzwi. Ukiandika mtumishi kisha ukasema auzwe, msomaji anaruka hapo kwa haraka akidhani ni namna ya kusema tu.

Wasikilizaji wa kwanza wa mfano huu kwa Kiswahili hawakuwa na nafasi ya kuruka. Wamisheni wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864, na mmoja wao, Edward Steere, akaanza kazi ya kuiandika na kuitafsiria lugha hii. Injili ya Mathayo ilikuwa kati ya kazi zake za mapema. Wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa na kukabidhiwa na Sultan Majid. Hebu fikiria mvulana huyo anasikia kwamba mtu atauzwa pamoja na mkewe na watoto. Hahitaji maelezo ya padri. Anaijua bei, anaujua mnada, pengine anaukumbuka mkono uliompokonya kutoka kwa mama yake. Vivyo hivyo kwa waliokaa Frere Town, ambao wenyeji wa Mombasa waliwaita mateka. Kwao neno mtumwa halikuwa mfano wa kitu kingine.

Basi nikajiuliza: tukiusoma mfano huu kwa macho ya mateka, badala ya macho ya mtu mwenye kinyongo na jirani yake, tunaona nini?

Tuanze na hesabu, maana mfano wenyewe unaanza na hesabu. Petro alikuwa ameuliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, labda mara saba, akajibiwa namba inayokumbusha ile ya Lameki katika kitabu cha Mwanzo, aliyejigamba kulipa kisasi mara sabini na saba. Kisha inaletwa habari ya mfalme anayefanya hesabu na watumwa wake. Wa kwanza anawiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa dinari 6,000, na dinari ndiyo ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika mfano wa shamba la mizabibu sura mbili mbele. Piga hesabu mwenyewe: dinari milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula, bila kuvaa, angehitaji miaka 200,000 kulimaliza deni hilo. Mwenzake, mjoli, anawiwa dinari 100, kazi ya miezi mitatu na ushei. Tuseme kibarua Mombasa analipwa shilingi 500 kwa siku. Mjoli anadaiwa shilingi 50,000, mtumwa wa kwanza anadaiwa shilingi bilioni 30.

Hapa wahubiri huchekesha, wakasema Yesu alitia chumvi. Pengine. Lakini mwanahistoria Yosefo anatuambia kwamba Herode Antipa alikuwa akipata talanta 200 kwa mwaka kama mapato ya Galilaya na Perea. Deni la mfano ni sawa na mapato hayo ya miaka 50. Kiasi hicho hakikopwi na mpishi wala mchunga mbuzi. Huyu ni mtumwa wa ikulu, mkusanyaji wa kodi za jimbo zima, mtu mwenye walinzi na makarani. Wasomaji wa leo hushangaa: mtumwa na utajiri wapi na wapi? Mtu wa pwani ya karne ya 19 asingeshangaa. Hapa kwetu palikuwa na watumwa waliolima kwenye jua kali na palikuwa na watumwa walioongoza misafara ya bara, walionahodhia majahazi, na hata waliokuwa na watumwa wao. Utumwa ulikuwa ngazi, na aliye kwenye kidato cha juu alikuwa bado mtumwa.

Ukishaliona hilo, swali la pili linakuja lenyewe. Talanta hizo zilikuwa za nani? Mfalme hakuzichimba. Kama ni kodi, basi zilitoka kwa wakulima na wavuvi, zikapanda ngazi kidato kwa kidato, na kila kidato kikikidai kilicho chini yake. Huenda dinari 100 za yule mjoli ni uzi mmoja katika kamba hiyohiyo ya talanta 10,000. Mkubwa anapoamriwa alipe, anambana mdogo. Huu ni usomaji wangu, maandiko hayasemi hivyo waziwazi. Lakini unaeleza jambo ambalo mahubiri hulieleza kwa ubaya wa moyo tu: kwa nini mtu aliyetoka kusamehewa sasa hivi anamkaba koo mwenzake mlangoni. Tabia hiyo ndiyo kazi yake. Ndivyo alivyofika hapo alipo.

Sasa tuje kwenye maneno, maana safu hii ni ya lugha na nisije nikalaumiwa nimehamia mimbarini.

Biblia ya 1952 inatumia kitenzi ambacho nacho tumekizika: kuwia, na hali yake ya kutendwa, kuwiwa. Ninamwia Juma shilingi mia maana yake ninamdai Juma. Juma anawiwa maana yake anadaiwa. Kitenzi hicho kinafanana kabisa na kile cha niwie radhi, tunachokitumia tunapomkanyaga mtu kwenye foleni. Vyote viwili vinatokana na kuwa kwa kuelekea mtu fulani, yaani jinsi nilivyo kwako. Ninakuwia deni, niwie radhi. Nimelipenda sana jambo hili. Wahenga walioisema lugha hii waliliona deni na waliiona radhi kama namna mbili za watu kusimama mmoja mbele ya mwingine.

Neno kusamehe lenyewe tulilipata kwa Waarabu, ambako shina lake linabeba ukunjufu wa mkono, kutokaza. Na tazama jinsi tunavyolitumia mpaka leo. Tunaposema msamaha wa kodi hatumaanishi kwamba Mamlaka ya Mapato imeondoa kinyongo moyoni. Tunamaanisha deni limefutwa daftarini. Tunaposema msamaha wa Rais tunamaanisha mlango wa gereza umefunguliwa na mtu anaonekana barabarani na kifurushi chake akitafuta matatu. Mzazi anaposema mwanawe amesamehewa karo, anazungumzia risiti. Neno letu, kwa hivyo, lina vyumba vitatu: cha makosa, cha deni na cha gereza. Kigiriki cha Injili ni vivyo hivyo. Kitenzi kilichotumika katika mfano, aphiemi, ni kuachilia, na nomino yake, aphesis, ndiyo waliyoitumia watafsiri wa Kigiriki wa Agano la Kale kwa mwaka wa yubile, wakati ardhi inaporudishwa kwa wenyewe na watumwa wanapoachwa huru. Ndiyo maana katika Sala ya Bwana baadhi yetu tunaomba kusamehewa deni na Wakatoliki wanaomba kusamehewa makosa, na hakuna aliyekosea mlango. Kosa ni kuvifunga vyumba viwili na kuishi katika kimoja.

Katika nchi ya Yesu vyumba hivyo vilikuwa wazi, na watu walivigombania. Torati iliamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Wenye mali, kwa kuogopa kupoteza, wakawa hawakopeshi mwaka huo unapokaribia, mpaka mwalimu mkuu Hillel akaweka utaratibu wa hati, iitwayo prosbuli, ya kuliwezesha deni kudaiwa hata baada ya mwaka wa saba. Nia ilikuwa kumsaidia maskini apate mkopo. Matokeo yake ni kwamba deni halikufa tena. Na mwaka 66, vita dhidi ya Roma vilipolipuka, waasi mjini Yerusalemu walilichoma jengo la kumbukumbu zilimohifadhiwa hati za wakopeshaji. Yosefo anasema waziwazi lengo lao: kuwavuta wadeni wengi waliofungwa na karatasi hizo. Watu hao hawakungoja kusamehewa na mfalme. Walilifuata daftari.

Daftari hilo nalikumbuka kila ninaposoma habari za Rabai.

Rabai ipo mwendo mfupi kutoka hapa Kengeleni, juu milimani, mahali ambapo Krapf na Rebmann walijenga kituo mwaka 1846. Miaka ya 1880 kazi ya pale ilikuwa mikononi mwa William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaokolewa baharini na kusomeshwa India kabla ya kurudishwa Afrika. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimweka wakfu. Kama palikuwa na mjoli halisi aliyeusoma mfano huu kutoka madhabahuni, ni huyu. Na watoro walimfuata. Walitoroka mashamba ya Mombasa, Takaungu na Malindi, wakapanda Rabai usiku, wakajenga vibanda, wakalima. Wamisheni wa Kizungu walisitasita, kwa kuwa utumwa ulikuwa bado halali kwa sheria ya Sultan na kumhifadhi mtoro kulikuwa kuhifadhi mali ya mtu. Frere Town yenyewe haikuwa pepo: mwanzoni mwa miaka hiyo msimamizi wake aliondolewa baada ya kuchunguzwa kwa kuwachapa viboko na kuwafungia waliokuwa wameokolewa. Huru waliitwa, na kiboko walikila.

Mwaka 1888 kampuni ya IBEA ilipokuja kuichukua pwani, mwakilishi wake George Mackenzie aliwakuta mabwana wa Mombasa wamewaka hasira kuhusu watoro. Hakutaka vita kabla ya biashara kuanza. Akafanya hesabu. Mabwana wakalipwa fidia, fedha zikichangwa na kampuni, serikali ya Uingereza na marafiki wa misheni, na mwanzoni mwa Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Wengi wao walikuwa wa Rabai. Unaweza kuisikia shangwe ya siku hiyo. Mtu aliyelala miaka kadhaa akisikiliza vishindo vya miguu usiku, sasa ana karatasi mkononi.

Lakini isome hesabu hiyo vizuri. Aliyelipwa ni nani? Ni yule aliyemfanyisha mwenzake kazi bila ujira miaka yote. Mtumwa aliyelima, akapalilia, akavuna, hakuwiwa na mtu hata pishi moja ya mtama. Kwa daftari la Mackenzie yeye ndiye deni, na bwana ndiye mwia. Makubaliano yalikuwa pia na upande wake wa pili: misheni zisiendelee kuwapokea watoro. Aliyefika Rabai kabla ya makubaliano alipata hati. Mjoli wake aliyechelewa njiani, labda kwa kusubiri mtoto apone homa, alikuta mlango umefungwa. Mwaka uliofuata afisa wa kampuni, Frederick Lugard, akabuni mpango wa watoro kujikomboa wenyewe kwa kufanya kazi na kulipa kidogo kidogo. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilisikia sauti ya yule mtumwa aliyepiga magoti akiomba apewe muda alipe yote.

Tusidhani pia kwamba mabwana, waliokuwa Waislamu, hawakuwa na fikra yao kuhusu msamaha na uhuru. Walikuwa nayo, na ilikuwa ya kale. Kumwacha mtumwa huru ni thawabu, na kwa makosa fulani, kama kuua bila kukusudia au kuvunja kiapo, kumkomboa mtumwa ni kafara. Kwa mpango huo msamaha na uhuru vimefungwa pamoja kwa namna ya ajabu: mtumwa anapata uhuru ili bwana apate msamaha. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 1907 ilipofuta hadhi ya utumwa kwenye ukanda wetu wa pwani, wapo walioshikilia kwamba uhuru wa serikali si uhuru mpaka bwana mwenyewe atamke. Wapo waliokuwa watumwa waliokwenda kuomba tamko hilo, wakiwa tayari huru mbele ya sheria. Twaweza kuwacheka. Lakini walijua jambo moja ambalo karatasi haikulijua, kwamba kesho asubuhi wataamkia mtaa uleule na bwana yuleyule, na kwamba ndoa, urithi na mahali pa kuzikwa hutolewa na watu, si na hati. Na fidia ya 1907? Ilikwenda kwa mabwana, kama Zanzibar mwaka 1897, kama Uingereza ilivyofanya kwa sheria ya 1833 ilipotenga pauni milioni 20 kwa wamiliki wa watumwa wa makoloni yake.

Neno uhuru limekua sana tangu hapo. Zamani mtu ambaye ukoo wake haukuguswa na utumwa alijiita mwungwana, na kwa kawaida anayehitaji kuitwa huru ni yule aliyeachiliwa. Lilikuwa neno lenye kovu. Wanasiasa walipolichukua miaka ya 1950 walilipa taifa zima, na sidhani wengi waliolipigia kelele viwanjani walikumbuka karatasi za Rabai. Labda wangelikumbuka kovu hilo tungesikiliza kwa makini zaidi Agosti 12, 1963, Jomo Kenyatta aliposimama Nakuru mbele ya masetla akawaambia habari ya kusameheana. Ulikuwa msamaha wa kweli kwa maana ya chumba cha kwanza, cha makosa, na nchi ilipumua. Chumba cha deni kilikuwa na hesabu yake. Chini ya mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka uliotangulia, masetla walilipwa kwa mashamba waliyoyaacha na Mwafrika aliyegawiwa kipande alikichukua pamoja na mkopo wa miaka mingi. Babu alirudi kwenye ardhi ya babu yake akiwa mdeni. Nani alikuwa anamwia nani? Sijasikia mahubiri juu ya swali hilo, na nimeenda kanisani sana.

Ndipo ninaporudi kwa mfalme wa mfano. Amesifiwa kwa huruma yake, na ni haki yake. Biblia ya 1952 inatumia vitenzi viwili pale: anamfungua mtumwa, kisha anamsamehe deni. Lakini hamwachi huru. Mtumwa anatoka mle ndani hana deni na bado ni mtumwa. Daftari halichomwi, linafungwa tu, na jioni ileile linafunguliwa tena, deni lote linarudi na mtu anakabidhiwa kwa watesaji. Msamaha wenye kuweza kufutwa jioni si uhuru, na nadhani mtumwa yule alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Angekuwa ameamini kwamba deni limekufa, angemkaba nani koo? Alikuwa anakusanya akiba ya siku mfalme atakapobadili nia. Alipewa rehema na mtu mmoja katika mpango usiojua rehema, akarudi kwenye mpango. Simtetei. Nasema tu kwamba mfano unatuonyesha vitu viwili vikikosekana, moyo wa mtumwa na haki ya nyumba ile, na sisi karne nyingi tumeuzungumzia moyo.

Nilimweleza kijana haya yote pale Kengeleni, si kwa mpangilio huu, na sehemu nyingine alikuwa akitazama simu. Tulikuwa tumenunua madafu. Aliyekuwa akituuzia alisikiliza kidogo, akauliza kama mimi ni mchungaji, nikasema hapana, akapoteza hamu.

Kijana akanyamaza akinyonya dafu lake, kisha akauliza, "Na yule mjoli? Walimtoa?"

"Yupi?"

"Yule wa shilingi elfu hamsini."

Nikachukua simu nikaitafuta sura. Aya ya 30 mjoli anatupwa kifungoni hadi alipe. Aya ya 31 wajoli wengine wanaona, wanahuzunika sana, wanakwenda kumweleza bwana wao. Nikasoma taratibu. Bwana anaita, anafoka, anakasirika, anatoa amri. Aya ya 35 Yesu anafunga mazungumzo kwa kuwaonya wanafunzi wake. Nikarudi juu, nikasoma tena, nikitafuta mstari mmoja wa mtu kwenda gerezani na ufunguo. Wajoli walikwenda kwa ajili ya mwenzao, na majibu waliyorudi nayo ni kwamba mtu wa pili amefungwa.

"Hamna," nikamwambia.

Kijana akaitazama ile kengele. "Kwa hiyo bado yuko ndani," akasema, kisha akasimamisha matatu.